Saruji ya Rosamel

Mara ya kwanza nilikataa, na ya pili nikakataa. Huyu binti wa manispaa, Maritza, ana kichwa kigumu kama changu, na kwa hilo nimempenda kidogo, lakini kumpenda mtu si kumwambia mambo ya nyumbani. Alikuja na mvua, viatu vimelowa, akaketi jikoni kwangu karibu na jiko la chuma, akasema, "Bibi Otilia, nyumba yenu itaingia katika orodha ya majumba ya kale ya kisiwa. Tunataka historia yake." Nikamwambia nyumba haina historia, ina mbao. Akacheka. Akasema basi nimweleze hizo mbao. Nikamweleza. Kisha akatoka, akasimama mbele ya nyumba kwenye mvua ile ile, akarudi na swali ambalo kila mgeni huliuliza: mbona ubavuni na mgongoni nyumba imevaa vigae vya mbao vilivyochongwa kwa ufundi namna ile, na mbele imepigwa mbao tupu kama zizi la kondoo?

Karatasi yake ilikuwa na jibu tayari. Uso wa nyumba ulianguka kwa tetemeko la mwaka wa sitini, ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia afute. Akauliza, "Nifute, niandike nini?"

Ningenyamaza ningekuwa nimelala sasa hivi. Badala yake nimeshika kalamu, mimi niliyekaa shule majira mawili tu ya baridi, naandika jambo ambalo ukoo wetu haulitaji hata mbele ya padri. Herufi zangu zikipinda, mtazisoma zikiwa zimepinda.

Tetemeko halikuangusha kitu. Nyumba ilicheza kama mashua gatini, ikatulia, kikavunjika kioo kimoja tu cha kijani. Baba yetu, Nicanor Barría, alikuwa fundi wa mashua, na mwaka wa kumi na moja, alipotaka nyumba, alijenga mashua akaifunika kwa paa. Boriti za chini ni za mvinje, nene kuliko kiuno cha mtu, na kila nguzo imeingizwa ulimi wake ndani ya boriti na kupigwa kigingi cha luma, mti mgumu ambao shoka likiugusa hulia. Misumari alitumia kwenye vigae tu. Vigae ni vya alerse, ile mbao nyekundu isiyooza. Ubavuni alivikata ncha za mviringo kama magamba ya samaki. Lakini ufundi wake hasa aliuweka mbele, kuelekea baharini, maana wageni wa enzi zile walikuja kwa maji, na mtu hukuona usoni kwanza. Huko mbele kulikuwa na baraza ndefu ya vioo, vingine vya kijani na vingine vyekundu. Juu yake mnara wa madirisha manne, ambamo mama alipanda kutazama mashua ya baba. Na vigae vya mbele vilikuwa vya namna tatu: magamba, kisha meno ya msumeno, kisha vingine vilivyochongwa kama majani, safu juu ya safu hadi kwenye ncha ya mnara.

Na chini hakukuwa na msingi. Nyumba ilikaa juu ya visiki vya luma, imekaa tu kama kuku juu ya mayai. Kwetu Llicaldeo nyumba haifungwi. Binti akiolewa ng'ambo ya kijito na nyumba anayo, nyumba humfuata. Kisima kikikauka, nyumba huenda kwenye maji. Mwenye nyumba hupita kwa majirani, kofia mkononi, anaomba. Siku ikifika watu huja na maksai na kamba, nyumba huwekwa juu ya magogo mawili marefu, ikaburutwa. Hiyo ndiyo minga. Huendi na pesa. Watu unawalisha mpaka washindwe kuinama, na siku yao ikifika wewe nawe unakwenda.

Kaka yangu Rosamel alizaliwa humo, majira ya baridi yaliyofuata baada ya paa kuezekwa. Mimi ni wa pili. Alikuwa mtoto mzuri, hilo niliseme kabla sijaanza mengine. Aliipenda nyumba kama wengine wanavyopenda farasi. Kila kiangazi alikuwa juu ya ngazi na kopo la mafuta ya kitani, anapaka magamba moja moja, na sisi tukimwita chakulani hasikii.

Alipokua alikwenda Patagonia kukata manyoya ya kondoo, kama wanaume wote wa huku. Huko akaona miji. Akaona majumba ya matajiri yamekaa juu ya mawe na saruji, hayaendi popote. Baba alipokwisha kufa, Rosamel akarudi mwaka mmoja na kofia ngumu, saa ya mfukoni, na mashua iliyojaa magunia ya saruji.

Mama alikuwa hai bado. Alisimama nje akitazama magunia yanavyoshushwa. "Mwanangu, unaifunga miguu nyumba ya baba yako?"

"Naivalisha viatu, mama," Rosamel akasema, na sote tukacheka, kwa sababu alikuwa mcheshi na alikuwa ametuletea sukari.

Akachimba kuzunguka visiki vyote. Akamwaga saruji, akaingiza vyuma vilivyopenya hadi kwenye boriti, akavikaza kwa nati kubwa. Mbele, chini ya mnara, alimwaga nyingi kuliko kwingine, maana alitaka anayefika kwa mashua aione. Akaipaka chokaa. Ikang'aa kama meno ya bandia.

Mwaka huo huo, Jumapili moja baada ya sala, watu walisimama kwenye ngazi zetu kama ilivyokuwa desturi, wakisubiri mikate ya viazi. Akaja Belarmino Chiguay, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwenye maksai bora kuliko wote. Alikuwa ameoa karibuni, kofia ameshaishika mkononi.

"Ndugu Rosamel, nimekuja kuomba. Jumamosi tunaivuta nyumba yangu kuipeleka kwa wakwe. Nakuomba wewe na maksai wako."

Rosamel hakutoa kiko mdomoni. "Nyumba gani, Belarmino? Ile ninayoipita njiani nikidhani ni banda la viazi?"

Watu wakacheka. Belarmino naye akacheka. "Hiyo hiyo. Viazi vimehama, tumehamia sisi."

Hapo yangekwisha vizuri. Lakini Rosamel alikuwa na saruji mpya na watu wa kumsikiliza. "Maksai wangu hawavuti mabanda," akasema. "Nyumba ya mtu wa heshima hukaa ilipo. Itazame hii. Hata Mungu akitaka kuihamisha, itabidi aje na nyundo."

Hakuna aliyecheka tena. Belarmino akavaa kofia yake polepole. "Basi asante, ndugu," akasema, akaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba sinia. Watu wakachukua mkate mmoja mmoja, bila kunitazama, wakaenda kula mbali.

Tangu siku ile Rosamel hakwenda kwenye minga ya mtu, na mwishowe watu wakaacha kumwomba. Hakuoa. Mimi niliolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kwenye chumba changu cha usichana. Mama alikufa. Tukawa wawili ndani ya nyumba nzuri kuliko zote pwani ile, tunazeeka, tunapangusa vioo.

Mwaka wa sitini, Jumapili ya Mei, mchana, ardhi ikashuka. Nyie mliosoma mnajua kwa nini. Mimi najua nilichokiona: shamba letu la viazi la chini likawa bahari na halikurudi tena kuwa shamba. Ufuo ukaja mpaka kwenye ngazi zetu. Maji yakipwa, tulikuwa na matope, yakijaa, tulikuwa na samaki.

Nyumba zote za pwani zilikuwa hatarini, na majira yale ya baridi yalikuwa ya minga tupu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, watu wamechoka, maksai wamekonda, lakini walikuwa wanakwenda. Dirisha la jikoni kwetu linatazama kilimani. Niliziona nyumba zikipanda moja baada ya nyingine, na kila moja niliijua, nilijua na nani alilala chumba gani. Rosamel alikaa kwenye baraza ya vioo, amewapa mgongo, anatazama maji.

"Nenda ukaombe," nikamwambia.

"Bahari itarudi kwake."

"Bahari iko kwake. Sisi ndio tuko kwake."

"Otilia, niache."

Akajenga ukuta wa mawe mbele ya ngazi. Wimbi likaubomoa. Akaujenga tena. Kisha likaja bamvua la Agosti, na maji yakaingia ndani. Yalipotoka yaliacha mwani kwenye mbao za sakafu ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzikanyaga na viatu, na kaa mmoja chini ya kiti cha baba. Rosamel akamtoa kaa yule kwa ufagio, taratibu, kama anamtoa mlevi. Akapiga deki. Akavaa koti lake la kanisani na kofia.

"Twende kwa Belarmino," akasema.

"Kofia ya kuombea haivaliwi," nikamwambia. "Inashikwa."

Ilikuwa lazima tuanzie kwa Belarmino. Yeye ndiye aliyeongoza maksai kwenye kila minga, na asingekuja yeye, asingekuja mtu. Tulimkuta jikoni kwake anatengeneza nira, na mkewe Doraliza anamenya viazi. Nyumba ile ile, banda lile lile, lenye moshi na joto.

"Aa, mwenye nyumba ya viatu," Doraliza akasema. "Ingia tu. Usivue vyako, kwetu ni udongo."

Rosamel akasimama katikati ya jiko. Anayeomba haketi mpaka ajibiwe. "Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?" Belarmino akauliza, macho kwenye nira. "Sema lote, masikio yangu yamezeeka."

"Nakuomba uje na maksai wako, na uniitie watu, tuivute nyumba ya baba yangu."

"Ile ambayo Mungu lazima aje na nyundo?"

"Ile."

"Mungu kaja bila nyundo," Doraliza akasema. "Kaja na ndoo."

Kaka yangu alikuwa mrefu. Pale jikoni nilimwona anakuwa mfupi mbele ya macho yangu, na kofia inazunguka vidoleni mwake. Mimi nilitazama maganda ya viazi. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa wa kwao, nilikula sahani nzima.

Belarmino akaweka nira chini. "Nicanor alimjengea baba yangu mashua, na ile mashua ilitulea. Nitakuja. Hayo ya ngazini nilishayazika, tulikuwa vijana. Lakini maksai hawavuti saruji, Rosamel. Ivunje, uitoe na vyuma, boriti ziwe huru. Nisije nikakuta hata chuma kimoja kimeshika."

"Nitaivunja."

"Yote."

"Nimesema yote."

Doraliza akafuta mikono, akajaza kibuyu majani ya mate, chai yetu ya huku inayonyonywa kwa bomba, akamimina maji ya moto, akampa. Ndiyo kusema wamekubali. Rosamel akanyonya, na bomba la chuma likagongana na meno yake.

Alianza kuvunja kesho yake. Mtu wa karibu miaka hamsini, na nyundo kubwa, peke yake. Nilimwambia atafute msaada, akasema alimwaga peke yake na atavunja peke yake. Mgongoni akamaliza. Ubavuni akamaliza. Mbele ilikuwa shida, kwa sababu maji yalifunika, na yakipwa yalimwachia muda mfupi tu wa kusimama kwenye matope yanayomnyonya magoti. Aliporudi jioni alikuwa hawezi kushika kijiko. Siku moja kabla ya minga nilimuuliza, "Na mbele kumekwisha?"

"Kumekwisha," akasema, akaenda kulala. Hakuwahi kunidanganya. Nikaenda kuosha viazi.

Walikuja watu ambao sikuwatarajia. Walikuja na wale tuliokuwa tumeacha kusalimiana nao. Wanawake wakaja na visu vyao, tukachimba shimo la kuranto juu kilimani, pale nyumba ilipokuwa inakwenda, tukapasha mawe, tukapanga chaza, na nyama ya nguruwe, na viazi, na mikate ya viazi, tukafunika na majani makubwa ya nalka. Chicha, pombe yetu ya matofaa, ilikuwa mapipa. Chini, wanaume waling'oa milango na madirisha, wakavitoa vile vioo vya rangi kimoja kimoja na kuvifunga katika blanketi zetu. Ndani wakaweka fito za kukingamana nyumba isijikunje. Wakaingiza magogo mawili chini, wakafunga minyororo. Maksai wakapangwa jozi kwa jozi kupanda kilima, wote wakipumua moshi. Nilishuka na ndoo ya chicha, watu wananitania. "Bi Otilia, tuvue viatu kabla ya kuvuta?" Nikawaambia wavue na soksi. Nilikuwa na furaha, sijui niseme nini zaidi. Nilidhani yamekwisha.

Belarmino akaizunguka nyumba. Akainama mgongoni, akainama ubavuni, akapapasa boriti. Mbele maji yalikuwa yameshaanza kurudi, na hapakuonekana kitu ila povu. Akasimama mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti, "Rosamel, mbele kumefunguka?"

Watu wakasogea wasikie.

Rosamel alinitazama mimi. Akamtazama Doraliza aliyekuwa ameshuka na beseni la mikate. Akatazama umati, wale waliomsikia ngazini miaka ile na watoto wao waliosimuliwa. Akasema, "Kumefunguka."

Belarmino akainua fimbo yake ya kuswagia. Watu wakapiga kelele, maksai wakainamisha shingo, na nyumba ya baba yetu ikasogea. Kiganja kimoja, kisha kingine. Nilisikia watu wanashangilia. Kisha ikasimama, na minyororo ikawa myembamba kama nyuzi.

"Subirini," Belarmino akasema. "Kuna kitu kimeshika."

"Ni matope," Rosamel akasema. "Vuta tu. Ni matope."

Wakavuta. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika. Mbao ilipasuka kwa urefu, polepole, halafu ghafla. Nyumba ikaruka kuelekea kilimani kama mnyama aliyechomwa, mnyororo ukakatika ukavuma juu ya vichwa, watu wakalala chini mmoja juu ya mwingine, na maksai wa Belarmino wa upande wa kushoto, Lucero, akaanguka, gogo likapita juu ya mguu wake. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu mpaka leo. Tulipoinua macho, nyumba ilikuwa juu ya ufuo, imefunguka mbele kama kabati, unaona ngazi, unaona karatasi ya ukutani ya chumba cha mama. Na baraza na mnara wake vilibaki nyuma, vimesimama majini peke yao.

Belarmino hakwenda kwanza kwa maksai. Aliingia baharini hadi mapajani, akaingiza mikono chini, akapapasa. Nati zilikuwa pale, zimekaza. Saruji ilikuwa laini, haina alama ya nyundo. Akarudi, maji yanamchuruzika, akasimama mbele ya kaka yangu.

"Hukuigusa," akasema.

Rosamel akatazama mnara.

"Tungekungoja. Tuko watu wote hawa, na mitaimbo. Ungesema tu, bado."

Hakumtukana. Angemtukana tungekuwa na kitu cha kushika. Alikwenda kwa Lucero, akapiga magoti, akamshika sikio, akamchinja mwenyewe. Kisha akaosha kisu, akawaambia watu, "Tumalize. Minga haiachwi njiani."

Wakafunga mnyororo upya. Wakaivuta nyumba hadi juu kilimani, njia nzima, bila utani, bila kelele, unasikia tu fimbo na pumzi. Wakaikalisha juu ya visiki vipya, wakahakikisha imelala sawa. Kazi safi. Wakafungua maksai wao. Wakaanza kuondoka.

Mimi nilikuwa nimeshafunua shimo. Mvuke ulipanda, harufu yake ilijaa kilima chote, na watu wale walikuwa hawajala tangu alfajiri. Niliwaona wakipita kando ya shimo, wakiinamisha vichwa kunisalimu mimi. Wanawake waliopika nami wakavua aproni nilizowaazima. Doraliza akazikunja, akaniwekea mikononi.

"Bi Otilia, wewe hatuna neno nawe," akasema. "Lakini hatuli."

Msiojua desturi zetu mtaona ni chakula tu. Mtu akikuvutia nyumba halafu asile kwako, amekuambia hakudai kitu, nawe hutapata cha kumlipa. Kati yenu pamebaki hewa. Sijawahi kusikia lilimpata mtu mwingine pwani yetu. Lilitupata sisi, akina Barría.

Tulibaki wawili na shimo la chakula cha kijiji. Rosamel akakaa juu ya jiwe, akachukua kiazi kimoja, akakishika mpaka kikapoa. Siku ya pili chakula kile tuliwapa nguruwe.

Usiulize kama mnara ulianguka haraka. Haukuanguka haraka. Ulisimama majini kwa wiki kadhaa, na mlango wake wa ndani wazi, unaelekea pasipo na kitu, na kila aliyepita kwa mashua aliuona, maana saruji ya Rosamel ilishika barabara. Mawimbi yaliutafuna kigae kwa kigae. Watu waliviokota ufuoni. Asubuhi nyingine nilikuta rundo la vigae mlangoni, vimeoshwa, vimefungwa kwa kamba, na hakuna aliyebisha hodi. Magamba, meno ya msumeno, majani. Nikamwambia Rosamel avipigilie kwenye ukuta mpya.

"Mimi sina uso wa kutoka nje," akasema. "Nyumba niipe wa nini?"

Akapiga mbao tupu. Vigae viko darini mpaka leo.

Alimpelekea Belarmino maksai wake bora, akamfunga kwenye uzio wao jioni, akaondoka bila kuonekana. Alfajiri maksai yule alikuwa amefungwa kwenye uzio wetu, amelishwa, amepigwa brashi. Hakujaribu tena.

Alichofanya ni kwenda kwenye minga. Haalikwi, anakwenda. Popote nyumba ilipovutwa, hata ng'ambo ambako ni mwendo wa siku nzima, alifika na kamba yake na kusimama mwisho kabisa wa mstari, pale wanapowekwa wavulana. Alivuta. Wakati wa kula ukifika aliikunja kamba, akarudi nyumbani, akala ugali wa ngano uliolala. Watu hawakumfukuza, hawakumwita. Miaka ikapita hivyo. Akawa sehemu ya minga, kama matope. Watoto waliuliza yule mzee mrefu ni nani, wakaambiwa nyamaza. Mimi nilikuwa nasikia, maana wanawake hawanong'oni vizuri.

Mara moja tu Doraliza alimfuata na sahani, akamkuta njiani. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye. Alimwambia, "Kula, mzee, umeshavuta vya kutosha." Rosamel akavua kofia. Akasema, "Asante, mama. Mkila kwangu, nitakula kwenu." Akaendelea na njia.

Lakini angewaalika vipi? Nani angekuja? Hakuwa na nyumba nyingine ya kuvuta.

Alikufa kwa kifua, majira ya baridi, mvua ya siku nyingi. Nilimvika koti lake la kanisani, nikamlaza chumba cha mbele, nyuma ya zile mbao tupu. Usiku wa mkesha ni lazima upike. Nilichinja nguruwe, nikapika mchuzi sufuria mbili, nikakanda mikate ya viazi mpaka mabega yakafa ganzi, na wakati wote nilikuwa najua ninachokiogopa. Kusali wangekuja. Mkristo humsalia hata mwizi. Nilikuwa nawaza lile shimo.

Walikuja wote. Wakasali, wakaimba, nikaanza kugawa sahani. Wakazipokea, wakaziweka mapajani. Hakuna aliyeinua kijiko. Nilisimama katikati ya chumba changu na kata mkononi, mimi ambaye sijawahi kumwinamia mtu, nikingoja. Walikuwa wanamtazama Belarmino. Alikuwa mzee, ameketi karibu na jeneza, sahani mkononi. Alimtazama Rosamel muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Otilia," akasema, "chumvi iko wapi?"

Nikampa chumvi. Akatia, akaonja, akala. Wote wakala. Akaomba sahani ya pili, akala na hiyo, na alikuwa na tumbo bovu, Doraliza alikuwa anamkanya kwa macho.

Mtadhani nilipata faraja. Niliona aibu kuliko siku ya shimo. Aliyeingoja sahani ile iliwe alikuwa amelala pale pale, mikono imefungwa rozari, na ningeweza kumwamsha kwa kumgusa, ndivyo nilivyohisi, na sikuweza. Nilienda jikoni nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Basi, Maritza, tetemeko uliondoe. Andika kwamba mwenye nyumba aliulizwa mbele ya watu, akaona haya kusema bado.

Na wewe mwingine uliyekaa kwenye kiti chako ukasoma haya bure, usidhani nimeandika ili upate kusikitika. Februari mjane wa Huenchur anaivuta nyumba yake kutoka kwenye kinamasi, na vijana wa siku hizi wameenda kwenye viwanda vya samaki, kamba zina nafasi. Njoo. Lete glavu zako. Ukiona kuna kitu kimeshika, sema kwa sauti, hata kama ni wewe uliyekishikisha. Na ukipewa sahani, keti ule.